Harufu Mbaya ya Mabomba ya Maji Machafu Nyumbani: Kutafuta Chanzo na Kuiondoa

Harufu ya maji machafu ndani ya nyumba huwa na asili mbili. Ama kuna kitu kinachooza karibu na mdomo wa bomba, mahali panapofikika kwa mkono au kwa brashi, ama hewa kutoka ndani ya mfumo wa maji taka imepata njia ya kupanda hadi chumbani. Puani asili hizi mbili zinaweza kufanana sana, lakini tiba zake hazikaribiani hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kumwaga dawa chupa kwa chupa kwenye sinki kwa miezi mingi bila kupata nafuu: dawa inayoyeyusha uchafu haiwezi kuziba upenyo wa hewa, na kuziba upenyo hakuondoi uchafu unaooza. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kununua chochote au kufungua nati yoyote, ni kujua unapambana na ipi.

Kinachozuia harufu isiingie

Chini ya kila sinki, beseni la kunawia, bafu na tundu la sakafuni kuna sehemu ya bomba iliyopindwa ili maji kidogo yabaki humo kila baada ya matumizi. Mafundi huiita trapu, na choo cha kuvuta kina ya kwake iliyofinyangwa ndani ya bakuli lenyewe. Maji hayo yaliyotuama, ambayo kimo chake kwa kawaida ni kati ya sentimita 5 na 10, ndiyo kizibo pekee kilichopo kati ya chumba chako na bomba kuu. Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa kutoka Uskoti, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa namna hiyo mwaka 1775, na kanuni yake haijabadilika tangu wakati huo.

Trapu haifanyi kazi peke yake. Maji mengi yanaposhuka kwa kasi ndani ya bomba husukuma hewa iliyo mbele yake na kuvuta iliyo nyuma yake, na hiyo ya nyuma ni lazima itoke mahali fulani. Ndiyo maana mfumo uliojengwa vizuri una bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa. Bomba hilo likiziba, au ikiwa halikuwekwa tangu mwanzo, hewa hufyonzwa kupitia trapu iliyo karibu na kuondoka na maji yake. Ukishika mambo haya mawili, yaani kizibo cha maji na njia ya hewa, utaweza kueleza karibu kila dalili inayofuata.

Harufu ya yai viza inayotambulisha maji taka hutokana hasa na gesi ya hidrojeni salfaidi, ambayo hutengenezwa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni ya hewa, kwa hiyo kuinusa kidogo nyumbani hakumaanishi kwamba umekwisha kudhurika. Hata hivyo, ikifikia takriban sehemu 100 katika milioni, gesi hiyo hiyo hulemaza uwezo wa kunusa, na mtu huamini imeondoka ilhali imezidi. Pamoja nayo huja methani, ambayo haina harufu na hushika moto. Ikiwa harufu ni kali kiasi cha kuchoma macho au kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, toka nje pamoja na watu wote waliomo ndani, usiwashe moto wala kugusa swichi za umeme, na uwaachie uchunguzi watu wenye vifaa vya kupimia gesi.

Uchunguzi wa awali

Watu wengi huanza kwa kuuliza harufu inatoka wapi. Swali lenye manufaa zaidi ni kwamba inatokea lini, kwa sababu wakati hufichua chanzo hata pale ambapo pua imeshindwa. Andika kwa siku chache kama harufu huja asubuhi baada ya nyumba kufungwa usiku kucha, kama huja maji yanapofunguliwa, kama hufuata kuvutwa kwa maji chooni, kama huongezeka mvua inaponyesha au upepo unapovuma kutoka upande fulani. Daftari la namna hii linaweza kukuokoa gharama ya kubomoa sakafu isiyo na kosa.

Jaribio la kwanza ni la glasi. Jaza glasi kwa maji kutoka bomba la sinki linalonuka, ondoka nayo hadi chumba kingine au nje, kisha unuse. Ikiwa maji yenyewe yananuka, tatizo haliko kwenye bomba la kutolea maji. Ikiwa ni maji ya moto tu yanayonuka yai viza, chunguza tangi la kuchemshia maji: ndani yake mara nyingi huwa na fimbo ya magnesi ya kulinda chuma kisipate kutu, na fimbo hiyo inaweza kuwasaidia bakteria fulani kugeuza salfeti iliyomo majini kuwa hidrojeni salfaidi. Fundi anaweza kuisafisha tangi kwa maji ya joto kali na kubadilisha fimbo hiyo kwa ya aina nyingine. Ikiwa maji ya baridi pia yananuka, chanzo ni kisima au mtandao wa maji unaoihudumia nyumba.

Glasi ikiwa haina harufu, fanya jaribio la pili. Jioni, baada ya watu kumaliza kutumia maji, funika kila mdomo wa bomba kwa mfuko wa plastiki na uukaze kwa utepe wa gundi, pamoja na lile tundu dogo la ukingoni mwa beseni linalozuia maji kufurika. Asubuhi inua plastiki moja baada ya nyingine, polepole, ukinusa. Kazi hii ifanywe na mtu aliyetoka nje punde, kwa sababu pua iliyokaa ndani ya harufu huizoea baada ya muda mfupi na kuacha kutoa taarifa za kuaminika. Plastiki inayofungia uvundo ndiyo inayokuonyesha mahali pa kuanzia, na ikiwa hakuna hata moja inayonuka ilhali chumba chenyewe kinanuka, basi hewa inapita kwenye ufa, kwenye kiungo cha bomba au chini ya choo, wala si kwenye midomo ya mabomba.

Dalili: chumba kisichotumika mara kwa mara kinanuka

Hapa jibu huwa jepesi, na ndilo la kujaribu kwanza katika nyumba yoyote. Maji ya trapu hukauka. Katika hewa kavu na yenye joto, tundu la sakafuni lisilopitisha maji kwa wiki kadhaa linaweza kubaki wazi kabisa, na choo cha wageni nacho hushuka kimo chake taratibu. Mende na inzi wadogo wanaotokea bafuni bila sababu ni dalili nyingine ya jambo hilo hilo, kwa sababu wanapita njia ile ile inayopitwa na harufu.

Mwanga wa tochi ukielekezwa kwenye tundu utakurudishia mng'ao ikiwa maji yamo. Kama haurudi, mimina lita moja au mbili za maji, funga mlango, na uangalie hali baada ya saa chache. Harufu ikitoweka, umepata chanzo. Kwa mabomba yatakayobaki bila kutumika kwa muda mrefu, ongeza vijiko vichache vya mafuta juu ya maji hayo: mafuta huelea na kupunguza sana kasi ya ukaukaji. Mafuta ya madini ni bora kuliko ya kupikia kwa sababu hayaozi.

Trapu inayokauka ndani ya siku mbili tatu haikaushwi na hewa. Ama ina ufa unaovuja, jambo utakalolijua kwa kuweka karatasi kavu chini yake usiku kucha, ama maji yake yanafyonzwa. Kuna pia sababu ndogo ambayo hata mafundi huisahau: unyuzi wa nguo au kifungu cha nywele kilichoning'inia kutoka kwenye maji hadi upande wa pili wa mpindo hunyonya maji tone kwa tone, kama utambi unavyopandisha mafuta, mpaka kizibo kikapungua kuliko kimo kinachotakiwa.

Dalili: sinki linalotumika kila siku linanuka, hasa maji yanapofunguliwa

Sinki la kila siku halikauki. Harufu inayochomoza wakati maji yanapoanza kutiririka, na iliyo kali zaidi ukiinamia tundu kuliko ukiwa mbali nalo, karibu kila mara ni ya utando mzito wa ute unaojengeka kwenye kuta za bomba juu ya trapu, mahali ambapo maji hupita tu bila kutuama. Jikoni utando huo hulishwa na mafuta na mabaki ya chakula, na bafuni hulishwa na sabuni, dawa ya meno, nywele na ngozi iliyokufa. Maji yanapoupiga, huisukuma juu hewa iliyokuwa imetulia ndani yake.

Ute hauondoki kwa kumwagiwa kitu, na hili nalisisitiza kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea bure. Ni lazima usuguliwe. Toa chujio na kizibo cha sinki na uvisafishe kwa brashi, hasa upande wa chini usioonekana, ambao mara nyingi ndio mchafu kuliko sehemu zote. Kisha ingiza brashi ndefu na nyembamba, kama zile za kusafishia chupa, na usugue ukuta wa bomba hadi mwanzo wa mpindo ukitumia sabuni ya kuoshea vyombo. Halafu weka ndoo chini ya trapu, fungua nati zake mbili, mwaga yaliyomo, uisugue ndani, na uitazame washa ya mpira iliyo kwenye kila kiungo. Washa iliyokakamaa au kupasuka ibadilishwe hapo hapo, kwani kuirudisha ilivyo ni kuandaa uvujaji. Kaza nati kwa mkono, na ikiwa ni za plastiki usizidishe zaidi ya robo ya mzunguko kwa spana.

Beseni la kunawia lina mahali pengine pa kujificha uchafu. Tundu la ukingoni linalozuia kufurika huongoza kwenye mfereji mwembamba ndani ya ukuta wa beseni, na mfereji huo ni wenye unyevu na giza, wala hausukumwi na maji kamwe isipokuwa beseni lijae. Mtu anaweza kusafisha trapu mpaka ikang'aa na bado akanusa uvundo wakati wa kupiga mswaki, kwa sababu pua yake iko sentimita chache tu kutoka kwenye tundu hilo. Lipitishie brashi nyembamba yenye sabuni, kisha ulimiminie maji ya moto kwa funeli au kwa chupa yenye mdomo mdogo mpaka yatokayo chini yawe safi.

Kuhusu mchanganyiko maarufu wa siki na bikaboneti ya soda, kazi yake ni ndogo kuliko povu lake. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi, na kimiminika kinachobaki ni dhaifu kuliko siki ilivyokuwa kabla haijachanganywa. Hauna madhara, na unaweza kulegeza uchafu mwepesi, lakini usiutegemee badala ya brashi. Maji yanayochemka nayo yaepukwe ikiwa mabomba ni ya plastiki ya PVC, kwa kuwa plastiki hiyo huanza kulegea joto linapopita kiwango cha nyuzi 60 hivi. Maji ya moto yanayovumilika kwa mkono uliovaa glavu yanatosha.

Kostiki soda na dawa kali za kuzibulia zina hatari mbili: hutoa joto kali zikikutana na maji, na hubaki ndani ya trapu zikimsubiri atakayeifungua baadaye. Ukishazimwaga, usifungue trapu siku hiyo, na mwambie fundi kabla hajaigusa. La hatari zaidi ni kuchanganya. Dawa ya klorini ikikutana na siki au asidi nyingine hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huumiza mapafu. Tumia kitu kimoja tu, suuza kwa maji mengi, na kama hakikufaa usikimbilie cha pili.

Dalili: bomba linatoa sauti ya gulugulu, kisha harufu inafuata

Sauti hiyo ni hewa inayolazimisha kupita ndani ya maji ya trapu. Kwa kawaida husikika kwenye sinki au bafu wakati choo kinapovutwa au mashine ya kufulia inapomwaga maji, na harufu huja dakika chache baadaye, maji ya trapu yakiwa yamepungua. Huu ni ugonjwa wa njia ya hewa, na kusafisha sinki linalolalamika hakutasaidia.

Tofautisha kwanza kati ya hali tatu. Ikiwa ni sinki moja tu linalotoa sauti, na hutoa sauti lenyewe linapomaliza kutoa maji yake, angalia umbo la trapu. Ile inayopinda kisha kushuka wima sakafuni, kwa umbo la herufi S, huweza kujinyonya maji yake yenyewe, na dawa yake ni kuwekwa trapu ambayo bomba lake linatoka kwa ulalo kwenda ukutani, au kuongezwa vali ndogo ya kuingizia hewa baada ya trapu. Ikiwa vali hiyo ipo tayari, huenda imekwama: vali nzima hufunguka kuvuta hewa na kujifunga maji yanapotulia, na iliyokwama wazi huachia harufu moja kwa moja ndani ya kabati. Kuibadilisha ni kazi fupi.

Ikiwa mabomba kadhaa yanaguguma lakini yote yanatoa maji kwa kasi ya kawaida, shuku bomba la hewa la paani. Majani, viota vya ndege na panya waliokufa humo ndio wahusika wa kawaida. Atakayepanda awe na ngazi thabiti na mtu wa kumshikia, na paa likiwa na maji au mteremko mkali ni heri aitwe fundi. Bomba husafishwa kwa waya wa kuzibulia na kusukumwa kwa mpira wa maji. Maji yakirudi juu badala ya kushuka, kizuizi kiko chini zaidi. Kisha uweke wavu wa matundu mapana juu ya mdomo wake.

Hali ya tatu ni mabomba yanayoguguma na pia kutoa maji polepole. Hapo kizuizi kiko kwenye bomba kuu lenyewe, na maji yanayojaa hubana hewa na kuirudisha nyumbani kupitia trapu iliyo chini kuliko zote, ambayo mara nyingi ni tundu la sakafuni. Acha kutumia maji na ukifungue kifuniko cha chemba ya ukaguzi iliyo nje. Chemba iliyojaa maji inamaanisha kizuizi kiko mbele yake, na iliyo tupu inamaanisha kiko kati yake na nyumba.

Dalili: harufu imekaa kwenye kitako cha choo

Choo cha kukalia huungana na bomba la sakafuni kupitia pete ya nta au ya mpira. Kaa juu yake kisha ujiegemeze kushoto na kulia: choo kikicheza hata kidogo, pete hiyo imekwisha kubanwa isivyo na haiwezi tena kuzuia hewa. Dalili nyingine ni unyevu au rangi ya kahawia kwenye ukingo wa chini. Kukaza boliti kunaweza kutuliza mtikisiko, lakini nta iliyokwisha kubonyezwa hairudi katika umbo lake, kwa hiyo choo kitolewe, nta ya zamani ikwanguliwe yote, na pete mpya iwekwe. Kuziba ukingo kwa silikoni bila kubadilisha pete ni kuficha uvujaji uendelee kuozesha sakafu bila kuonekana.

Dalili: mashine ya kufulia

Mpira wa kutolea maji wa mashine huingizwa kwenye bomba la wima ambalo linapaswa kuwa na trapu chini yake, na si kila fundi huikumbuka. Kama haipo, hewa ya maji taka hupanda bila kizuizi mpaka ndani ya pipa la mashine, na nguo hutoka na uvundo hata baada ya kuoshwa. Kama trapu ipo na maji yamo, basi kinachonuka ni mashine: safisha mpira wa mlangoni na chujio, na uizungushe tupu kwa maji ya moto.

Dalili: harufu isiyo na makao, au inayotoka ukutani

Ikiwa trapu zote zina maji, choo hakitikisiki na bomba la hewa liko wazi, kinachobaki ni bomba lililopasuka au kiungo kilichoachana ndani ya ukuta au chini ya sakafu. Tafuta rangi iliyovimba, vigae vinavyolia mvungu, au sehemu moja ya sakafu isiyokauka. Tafuta pia bomba la zamani lililobaki wazi baada ya ukarabati, kwa maana sinki likihamishwa mdomo wake wa awali wakati mwingine hufunikwa kwa ubao tu. Kwa hali hii ninashauri jaribio la moshi: fundi hupuliza moshi usio na madhara ndani ya mabomba baada ya kuziba mdomo wa paani, kisha hutazama moshi unapochomoza. Ni bora mara nyingi kuliko kubomoa kwa kukisia.

Nyumba yenye tangi la septiki iangaliwe huko pia, hasa harufu inapoenea nje na ndani kwa pamoja au inapozidi wakati wa mvua. Tangi la kawaida la nyumba huhitaji kunyonywa kila baada ya miaka 3 hadi 5, na lililojaa hurudisha gesi na hatimaye maji. Kifuniko chenye ufa kibadilishwe. Mtu yeyote asiingize kichwa wala kushuka ndani ya tangi au chemba, hata kwa dakika moja, na hata kumwokoa aliyeanguka, kwa sababu gesi iliyomo huangusha mtu kabla hajapata nafasi ya kupanda.

Kuthibitisha kwamba tiba imefaa

Rudia jaribio la plastiki usiku mmoja baada ya ukarabati, na ulirudie tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa trapu inayofyonzwa huonekana nzima siku ya kwanza. Kwa tatizo la njia ya hewa, jaza sinki na bafu, uvimwage vyote kwa wakati mmoja huku mtu mwingine akivuta maji chooni, kisha upime kwa kijiti kikavu kimo cha maji katika kila trapu unayoweza kuifikia. Mahali ambapo kijiti kitalowa chini ya sentimita 5 bado hapajapona, na hapo ndipo fundi aelekezwe atakapofika.